Nikumbushe Baadaye

Kisanduku kimetokea tena, katikati ya hesabu,
samawati, kipole, kama karani asiye na haraka:
mfumo huu utakoma kulindwa mwezi Oktoba.
Chini yake vitufe viwili. Boresha sasa.
Nikumbushe baadaye.
Nimebonyeza baadaye tangu Machi.
Mtu akinisikiliza atadhani navuta uradi.

Nje, Hull inanyesha mvua yake nyembamba, ile ya ubavuni.
Kesho ni siku ya taka; Maureen wa jirani
amelisogeza pipa langu hadi barabarani, anajua nitasahau.
Ndani kuna hita moja, mimi, na mashine hii
niliyoinunua pauni arubaini katika duka la hisani
nilipokuwa bado nasafisha wodi za usiku.
Feni yake inakohoa. Kitufe cha A hakina tena A:
Kiswahili kimeilamba.
Kila salamu, kila asante, kila jina la marehemu
limepita pale.
Q ingali mpya, inang'aa, kama siku ilipotoka kiwandani.

Humu mna daftari la chama chetu cha maziko.
Watu sitini na mmoja, pauni tano kila mwezi,
nani kalipa, nani anaomba asubiriwe,
nani tulimsafirisha hadi Pemba,
na nani alisema mzikeni hapahapa,
pana baridi lakini pana nafasi.
Programu yenyewe aliiandika kijana mmoja, Faki,
kwa sahani mbili za pilau.
Faki sasa yuko Calgary na simu hapokei.
Nikiubadilisha mfumo, itafunguka? Haitafunguka?
Kila ninayemuuliza ananiambia "inategemea."

Shekue, mtoto wa kaka yangu, kapiga simu kutoka Leeds:
"Shangazi, boresha. Wezi wa mtandaoni hawalali.
Na wewe mwenyewe husema, kipya kinyemi."
Malizia, nikamwambia.
Kimya. Kazaliwa huku, kaipata nusu.
"Kipya kinyemi *ingawa kidonda*."
"Sasa hiyo maana yake niboreshe au nisiboreshe?"
Methali, mwanangu, haina kitufe.

Basi usiku huu nimejikaza.
Daftari nimelinakili kwenye flashi mbili,
moja mkobani, moja kwenye kopo la biskuti lenye nyuzi na sindano.
Bismillahi. Nikabonyeza.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
chai ikapoa,
halafu:

*Kompyuta hii haikidhi masharti.*

Nikaisoma mara mbili.
Sentensi hii tunajuana.
Mwaka wa tisini na tisa ilikuja katika bahasha ya kahawia,
jina langu Mgeni wameliandika Megan,
nikaisoma nimesimama ngazini, koti mwilini.
Hukidhi masharti.
Rufaa ilichukua miaka sita.

Nikaishika mashine kwa juu, penye joto. Kumbe na wewe.
Kisha nikacheka peke yangu:
miezi yote hii najishauri kama mwari,
kumbe posa yenyewe haikuletwa kwangu.

Nimeuchomoa waya wa intaneti.
Nimeukunja vizuri, nimeufunga kwa uzi mwekundu.
Shekue anasema hiyo si kompyuta tena, ni taipureta.
Basi ni taipureta.
Najua nayo siku moja haitaamka;
mweka hazina wa chama cha maziko
hahitaji kuambiwa habari hizo.
Mkutano ni tarehe tisa. Nitauliza kama mfuko unaruhusu mpya,
na Bwana Athumani atasema kwanza tulipe deni la sanda.

Saa saba usiku. Narudi kwenye mistari.
Bi Salha, Septemba, pauni tano, kalipa.
Mzee Kombo, Agosti na Septemba, bado, anaumwa, asisumbuliwe.
Kidole kinaipata A gizani.

Na kisanduku kimerudi. Hakijui kama waya nimekata,
hakijui hata kilichoniambia saa mbili zilizopita.
Boresha sasa, kinasema, kwa upole uleule.

Haya. Nikumbushe.