Kutoka Matamba, Siku ya Kumi na Tano

Buti zimekauka upande mmoja tu,
ule ulioelekea jiko la Tusekile.
Upande wa pili bado una ukungu
wa zile kona hamsini na saba,
na mguu wangu wa kushoto umekwisha kusahau
kwamba ulitoka Ipogolo kwa hiari yake.

Siku tatu nimelala kitandani.
Nimekula bila kuhesabu vipande,
nimekunywa chai ya maziwa iliyojaa hadi ukingoni,
nimemsikiliza Luvanda akisimulia tena
tulivyofukuzwa bwenini kwa kukaanga mayai juu ya pasi,
na tena nikacheka mahali palepale,
kama mtu anayejua shimo lilipo njiani
akaliingia makusudi.

Mgeni siku mbili.
Ya tatu walinipa jembe kweli, hawakutania:
matuta manne ya viazi, udongo mweusi, sakitu juu ya majani.
Ndiyo maana leo malengelenge yako viganjani
na nyayo, ambazo zilikuwa zimeota sugu
tangu Mafinga, tangu Makambako,
zimelainika kama za mtoto wa kubebwa.

Saa kumi na mbili asubuhi navaa mkoba.
Si mkoba nilioutua.
Nawauliza mmetia nini humu;
wanautazama mlima.

Wananisindikiza.
Mpaka kwenye bomba la maji, anasema Tusekile.
Kwenye bomba anasema, basi mpaka shuleni.
Shuleni Ambwene hataki kuingia darasani,
anashika kamba ya mkoba wangu
ananivuta nyuma, au ananisukuma, sikujua,
mpaka kengele inapomwita kwa jina lake la ukoo.
Kisha mpaka kwenye miti ya mbao. Kisha mpaka pale.
Pale ni wapi? Pale.
Luvanda haongei. Amebeba fimbo yangu
na anaitembeza kama ng'ombe wa mtu.

Kijana wa bodaboda anapunguza mwendo:
Mzee, umekosa nauli?
Wameniuliza hivyo tangu Iringa.
Mwanzoni nilieleza. Baadaye nilicheka.
Leo Luvanda amejibu kwa niaba yangu:
Nauli anayo. Amekosa akili.
Akanirudishia fimbo.

Hapo ndipo palikuwa pale.

Nilipogeuka mara ya kwanza walikuwa wawili.
Mara ya pili walikuwa kitu kimoja chenye kitenge.
Mara ya tatu nilipunga mkono,
kiganja kikaniuma, na ukungu ukapunga.

Saa ya kwanza ni ya kugombana na mwili.
Goti linauliza: kwa nini?
Bega linauliza: mpaka lini?
Tumbo peke yake halina swali.
Nilijaribu kuimba, pumzi ikakataa.
Nilijaribu kuhesabu hatua, nikapotelea mia mbili na kitu
kwa kumfikiria Tusekile akikunja blanketi langu.
Halafu, sijui ni penye mteremko upi,
nilisikia buti zinaongea zenyewe,
ile lugha yao ya kokoto,
na sikuwa nimewaambia kitu.

Kitulo, mchana. Maua ni Januari, waliniambia;
huu ni Juni, nyasi ni za rangi ya mkate,
upepo unapita bila mtu wa kuusalimia.
Nimekaa juu ya jiwe nikafungua mkoba.
Viazi kumi na viwili, kimoja bado na joto katikati.
Soksi za sufu alizofuma mama yake Tusekile
kwa ajili ya mtu mwingine, mwenye mguu mkubwa.
Na chumvi, imefungwa kwa karatasi ya daftari la Ambwene:
hesabu ya kugawanya, imebaki tatu,
kosa, kwa wino mwekundu.

Nimeirudia kichwani nikitafuna.
Na mimi imebaki tatu.

Nimefunga chumvi vizuri.
Isyonje bado, na Tukuyu bado zaidi.