Nusu Nyuzi

Viljandi, Februari. Gereji bado inanuka
msonobari na kahawa ya Endel.
Virve anavaa miwani aliyoiacha,
anazungusha meza ya msumeno:
penye nyuzi arobaini na tano
pini inaingia tunduni, ka!
kama mtu mwenye jibu kabla ya swali.

Ubao kwenye ukingo wa chuma. Jiliwa, kaza.
Dole gumba kwenye kifungo cha usalama,
ndipo swichi.
Diski ikishuka, kinga inajifunua yenyewe;
mfuko wa vumbi unavimba shavu.

Mlangoni, vipande vinakataana.
Mwanya, unene wa ukucha.
Nyumba imeinama miaka sitini,
mraba haiujui.

Endel angepaka putini, rangi juu, basi.

Virve anarudi kwenye baridi,
anabana wenzo chini ya mpini,
anaitoa meza katika mazoea yake:
arobaini na nne na nusu,
pasipo na tundu la kuishika.
Anaishika yeye, kwa kiganja,
mpaka skrubu ikaze.

Anakata. Anangoja diski itulie
kabla ya kuinua mkono.

Mlangoni, anapitisha ukucha kwenye kiungo.
Haukwami.
Anaupitisha tena.