Wembe wa Otari

Ulijinyoa mwenyewe, Otari,
usiku wa kuamkia upasuaji,
bafuni kwako, ng'ambo ya mto Rioni,
kwa wembe uleule ulionyoa mabwana harusi wa Kutaisi
miaka arobaini na mmoja.
Hukutaka daktari akukute tumbo kama la dubu.
"Kinyozi," uliniambia, "hatoki nyumbani na nywele ovyo."
Nami nilicheka. Lo, nilicheka,
nikaandika kwenye faili: ngozi safi.

Leo siku ya sita.
Theluji imepanda hadi nusu ya dirisha la wodi.
Tsiala amekushika kiwiko kama mtu abebaye mtungi uliojaa,
nawe unatabasamu kwa meno tu.
Hujambo, wasema. Ni uchovu, wasema, ni hizi ngazi zenu.
Mficha maradhi, kilio humuumbua;
wewe umeumbuliwa na kipimajoto:
thelathini na nane, nukta saba.

Usiguse. Ngoja.
Kwanza maji.
Kiganja juu ya kiganja,
vidole vipishane kama meno ya vitana viwili,
kisha gumba peke yake, maana gumba husahauliwa,
kisha kucha.
Sista Eteri, aliyenifunza kazi, hakuwa mkali.
Akikuona na pete alikuuliza taratibu,
"Na huyo mwingine, umemleta wa nini?"

Nabandua bandeji.
Pua imeshajua kabla ya macho.
Nyuzi tisa: saba zimelala kimya,
mbili za chini zimevimba, ngozi inang'aa
nyekundu kama ganda la komamanga,
na joto lake linapenya glavu.
Nabonyeza kidogo.
Usaha unachungulia, mzito,
rangi ya maziwa yaliyolala.

Sikiliza basi, fundi.
Wembe haukati nywele peke yake.
Nyuma yake huacha mikwaruzo
ambayo hata jicho lako la kinyozi haliioni,
na juu ya ngozi wapo wapangaji,
umelala nao tangu utotoni bila ugomvi.
Ulipofungua vile vilango
wakahamia vyumba vya ndani.
Sisi tungezipunguza kwa mashine, asubuhi ileile,
au tungeziacha zilivyo.
Ngiri haijali urembo.

Tsiala anataka kuona. Ananyoosha mkono,
mkono uliotoka kushika nguzo ya basi na mkate na noti.
"Sinki lile pale, mama."
Ananuna, anakwenda.

Nafungua nyuzi mbili ili uchafu upate njia.
Utaumia. Kaza meno, tukana ukitaka;
nimeyasikia ya wachimba makaa, yako hayanitishi.
Nachukua kidogo kwa pamba ya maabara
tujue ni mdudu gani, tujue dawa gani.
Kidonda hiki sasa kitabaki wazi,
kijazwe chachi kila siku, kijifunge chenyewe toka chini,
polepole, kama kinavyotaka chenyewe.
Na sigara, Otari. Hata ile ya dirishani.

Umeshusha macho. Wembe wangu, wanong'ona,
wembe wangu mwenyewe.

Sikubebeshi peke yako.
Ile dawa ya mshipani, iliyopaswa kutangulia kisu,
ilikuja nyuma ya kisu:
lifti ilikwama, nami sikupanda ngazi.
Na yule kijana, Daktari Vakho,
alisukuma miwani yake kwa kidole chenye glavu.
Nilimwona akigusa.
Sikumwona akibadilisha.
Nikanyamaza, kwa kuwa yeye daktari
nami nimebakiza miaka miwili nistaafu.
Ufa wenyewe ulikuwa na upana wa unywele.

Jioni, taa ya korido ikikonyeza,
nafungua daftari la vidonda.
Kwenye safu ya chanzo naandika: wembe.
Kalamu inasita.
Naongeza: dawa, dakika arobaini.
Naongeza: miwani.
Chini yake, kwa herufi zinazosomeka,
jina langu.