Kamba ya Nguo, Mafiati

Mwezi wa saba, jua la Mbeya huingia kazini limechelewa
kama karani.
Naanika mashuka ya gesti saa tatu;
saa sita nayageuza, na upande wa barabarani
umeshaandikwa.

Shaba ya Zambia yapita hapa kwa malori,
yanahema toka mpando wa Iwambi,
na kila moja laniachia saini kwenye foronya.
Nafua mara mbili. Mwenye gesti analipa mara moja.

Jumanne ile lori lilijilaza ubavu huko mlimani,
njia ikafungwa toka alfajiri hadi magharibi.
Sikuambiwa na mtu. Mashuka ndiyo yaliyoniambia:
yalikauka meupe, yakanukia sabuni na baridi,
na Loleza ukasogea karibu
kama jirani anayekuja kuomba chumvi.
Mama Tumpale alikohoa mara moja tu,
kwa mazoea.

Mwanangu Gwamaka sasa ana bajaji ya betri.
Hainguruma; kuku wa watu hawaisikii,
kaifunga kengele ya baiskeli.
Wenzake pale Kabwe wanamwita Bubu.
Usiku namwachia soketi, pasi yangu inasubiri.

Moja. Najua ni moja.
Na pale Iyunga reli imelala,
majani yameota kati ya mataruma,
nayo ingeweza kubeba shaba yote hiyo
bila kugusa foronya ya mtu.
Nilimuuliza diwani. Akasema ni suala mtambuka.

Nikaifua suti yake nyeupe,
nikaianika upande wa barabarani.