Mchoro wa Ndani

Springi ya mtutu wa kushoto imelegea,
na Bahi nzima nguruwe wanahesabu masuke ya mtama
kabla yetu.
Nikawaandikia walioiunda: nitumieni mchoro,
nione kipi kinashika kipi.
Likaja jibu, karatasi laini, muhuri wa bluu:
mchoro wa ndani haupewi mwenye silaha.
Ni kwa usalama wako.

Polisi wana namba yake. Wana dole gumba langu,
wanajua kabati, kufuli, risasi ngapi.
Mimi niliyeitoa kwa ng'ombe watatu
naishia kwenye skrubu.

Jana Mbeleje alichinja kuku,
akampasua mbele ya mwanetu:
hapa firigisi, hapa ini,
hii nyongo, usiitoboe.

Usiku nguruwe wakaja.
Nikapiga debe.