Kioo cha Kunyolea

Mnazi wa kumi na nne, shamba la akina Jefwa, Muyeye,
ndio ulioniacha.
Nilisifiwa, na tembo sikulitia maji.
Mvua ya usiku ndiyo iliyotia utelezi kwenye vidato.
Nilianguka na kibuyu; kibuyu hakikupasuka.
Kuna aliyekiokota yeye kwanza.
Simlaumu. Kilikuwa kimejaa.

Tangu hapo miguu ni wageni
waliohamia kitandani kwangu.
Hawasemi, hawaagi.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mwanamume,
yaani sikusema.
Sidi akiuliza, "Umelalaje?"
"Nimelala."
Akinigeuza saa sita za usiku, najifanya usingizini,
ili aliyegeuzwa asiwe mimi.
Saa nane nikamwambia, niache.
Akaniacha.
Wiki mbili tu,
nyama ikaanza kuoza polepole
mahali jicho langu lisipofika
na ngozi haina tena habari ya kuniletea.
Mficha maradhi, wanasema...
Mimi yangu sikuyaficha.
Yalijificha yenyewe, nyuma yangu.
Harufu ndiyo iliyonena.
Kadzo, binti yangu, alisogeza mkeka wake hadi mlangoni,
asiseme neno.

Ndipo akaja Thoya, fundi cherehani,
kwa baiskeli yake ya kukanyaga kwa mikono,
akanitupia kioo kidogo, cha shilingi hamsini.
"Nimeshanyoa," nikamwambia.
"Nani kakutajia ndevu?
Kishike nyuma. Hapo. Chini zaidi.
Sasa tazama, bwana, usifumbe macho."

Nikatazama.
Kidonda kilikuwa na upana wa kifuu.

Miezi saba hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali.
Sidi akarudi kuamka saa nane.
Nikamwambia asante;
neno lilitoka na kutu.

Siku hizi kila Alhamisi Thoya akifunga duka
tunateremsha leso mlangoni, wanaume sita,
tunavuliana suruali kama watoto waendao kuoga mtoni.
Kioo kinazunguka.
Ndundi haoni, hukagua kwa vidole,
na vidole vya Ndundi vilipata joto la jipu la Mwambire
siku tatu kabla halijatokeza.
Tunasema habari za mpira wa mkojo,
wapi unauzwa rahisi, nani aliuchemsha mpaka ukayeyuka.
Mara moja Kahindi aliuliza,
akiitazama sindano ya cherehani,
"Na kule kwingine je? Na mke?"
Tukanyamaza. Kisha tukacheka hadi Thoya akakohoa.
Kisha, mmoja mmoja, bila haraka,
tukamjibu.
Usiku ule nilimweleza Sidi nililosikia.
Yaliyobaki ni yake na yangu.

Jana nimekwenda wodi ya wanaume, hospitali ya Malindi.
Kijana wa bodaboda, alianguka njia ya Gongoni,
miaka ishirini, uso kaupa ukuta.
Nikaweka kioo juu ya shuka.
"Sina ndevu," akasema.
Sikujibu. Nilifunga breki za kiti, nikakaa.

Muuguzi akaja kumgeuza.
Kijana akafumba macho, akakoroma kidogo.

Usingizi ule naujua.
Nimeulala mwaka mzima.