Chupa Moja na Kipande

Mvua ya Novemba haijui kubisha hodi.
Inaingia Marinha Grande kwa mabega,
nami naingia nyuma yake, nimetoka zamu,
viatu mkononi, tanuri bado linanivuma masikioni.

Jacinta yuko mezani.
Supu ya kabichi kaisukuma pembeni,
imeota ngozi.
"Baba, hii imenishinda."

*Mfanyabiashara ana mafuta ya zeituni, lita saba mkato mbili.
Anayatia katika chupa za lita sifuri mkato sita.
Atajaza chupa ngapi?*

Chupa! Nikacheka kimoyomoyo.
Mwanangu, ungeniuliza mito ya Ulaya ningetoroka,
ungeniuliza wafalme ningejifanya nakohoa,
lakini chupa?
Miaka ishirini na mitatu nazitazama zikitoka motoni,
nyekundu kama ulimi wa mbwa aliyekimbia,
zikipoa, zikipanga foleni,
nami nainua moja moja kwenye taa
kuisaka kiputo kilichojificha shingoni.

Nikachukua penseli.

"Mwalimu Odete hafanyi hivyo.
Yeye kwanza anahamisha mkato."
"Enzi zetu mkato ulikaa ulipowekwa," nikamjibu,
nikagawa kama alivyonifunza mwalimu wangu,
mtu aliyejua kugawa viboko kuliko namba.
Macho yalikuwa yanafumba yenyewe.
Nikaandika jibu, nikalipigia mistari miwili chini,
kama mwenye duka anayefunga hesabu:
moja mkato mbili.

Alilitazama jibu.
Akanitazama mimi, kidogo zaidi ya kawaida.
Akanakili.

Alhamisi mama yake alikuwa Nazaré, hotelini,
akikunja mashuka ya watu waliokuja kuangalia mawimbi.
Nikafungua mkoba wa mtoto kutafuta bakuli la chakula
kabla halijaanza kunuka,
daftari likateleza, likafunguka lenyewe.

Alama ya kosa, nyekundu.
Chini yake, mwandiko wa Mwalimu Odete:
*Hili hukulifikiria. Nani alikusaidia?*
Na chini kabisa, kwa penseli,
herufi zilizobanana kama watu wanaojikinga mvua:
*Hakuna mtu. Nilifanya peke yangu.*

Nikakaa juu ya kiti chenye nguo chafu.

Moja mkato mbili.
Chupa moja, na kipande.
Nani amewahi kuona kipande cha chupa kikijazwa mafuta?
Mimi ambaye kiwandani mkato ukihama kwenye mizani ya mchanga
tanuri zima linatoka na rangi ya dimbwi,
na msimamizi anataka jina,
na jina hutolewa, daima,
huwa ni la aliye karibu na mlango.

Huyu hakutoa jina.
Ana miaka tisa.

Sikumwambia nimeona.
Nililirudisha daftari lilipokuwa, bakuli nikaliosha mara mbili.
Jioni nikavuta kiti upande wake,
nikaweka karatasi yangu mwenyewe, ya nyuma ya bili ya umeme.
"Hebu nionyeshe huo mkato unahamaje."

Akanichunguza kama ninavyochunguza shingo ya chupa.
Kisha akaanza, taratibu, kwa sauti ya Mwalimu Odete:
huku ukihama hatua moja, na kule uhame hatua moja,
usiuache mmoja nyuma, Baba, lazima waende pamoja.
Sabini na mbili. Sita.
Kumi na mbili.
Dazeni! Katoni kamili, ninayoifunga kwa gundi kila siku ya Mungu.

"Sasa wewe," akasema,
akaniandikia nne mkato tano kwa sifuri mkato tisa,
akageuka ukutani asinione nikihesabu vidole.

Nje mvua, ndani penseli.
Ilinichukua muda, sitasema kiasi gani.
Akaivuta karatasi, akaisoma na midomo inacheza,
akarudi juu, akashuka tena.

"Tano. Ndiyo," akasema.
"Ila hukuandika tarehe."